Rupia katika Ufuko wa Usenge

Watu wa Usenge, mji wa wavuvi na wachuuzi ulioko katika nchi ya Yimbo, chini ya kilima chenye jina lile lile, si mbali na Got Ramogi ambako Wajaluo husimulia kuwa wazee wao walipiga kambi zao za awali katika nchi hii, walichelewa kuijua sarafu kuliko watu wa Mombasa, Lamu na Unguja. Nao walipoijua hawakupewa muda mrefu wa kuizoea wala wa kuihiari, kwa kuwa iliwafikia pamoja na amri. Tena sarafu iliyoshika masoko yao tangu mwanzo, ijapokuwa dola iliyowatawala ilikuwa ya Kiingereza, haikuwa shilingi wala pauni, bali ilikuwa rupia ya Bara Hindi. Habari ya rupia hiyo, jinsi ilivyozaliwa mbali, ikavuka bahari, ikapanda reli, ikaenea ukingoni mwa Nyanza, kisha ikaondolewa kwa kishindo katika muda wa miezi michache, yastahili kuhifadhiwa, madhali ndani yake mna fundisho ambalo vizazi vya sasa vinalihitaji: ya kuwa thamani ya fedha hukaa katika uaminifu wa mwenye kuitoa kwa yule aliyeipata kwa jasho lake, kuliko inavyokaa katika madini yake.

Asili ya sarafu za Bara Hindi ni ya kale mno. Karne kadha wa kadha kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, wafalme na mabaraza ya wafanyabiashara wa nchi zile walikuwa wakikata vipande vya fedha vyenye uzito wa gramu 3 na kitu, wakavipiga mihuri midogo midogo ya jua, ya mti, ya tembo na ya kilima, ili apokeaye apate kusadiki uzito wake pasipo kushika mizani. Na dola ya Wamaurya, iliyoanza na Chandragupta na kufikia upeo wa fahari kwa mjukuu wake Ashoka, ilieneza vipande vya namna hiyo karibu katika Bara Hindi zima. Baada yao, katika karne za kwanza baada ya Isa, ukaja ufalme wa Wakushani, uliotawala kaskazini ya Hindi hata ndani ya Asia ya Kati, na wafalme wake Vima Kadphises, Kanishka na Huvishka wakapiga dinari za dhahabu safi, upande mmoja sura ya mfalme na upande wa pili sura ya mungu wa dini mojawapo katika dini nyingi za raia zao.

Msomaji asidhani kuwa sarafu za ukoo huo wa kale hazina jambo na Afrika yetu ya Mashariki. Mnamo mwaka 1940, katika makao ya watawa ya Debre Damo, juu ya mlima wa Tigray katika nchi ya Habeshi, zilivumbuliwa dinari za Wakushani zaidi ya 100, za dhahabu, zilizokuwa zimelala pale kwa karne nyingi. Aliyezileta hajulikani kwa jina, lakini njia yake yajulikana: ni njia ile ile ya bahari iliyounganisha bandari za Gujarati na bandari za Aksum, ambayo tawi lake la kusini lilishuka pwani ya Zinji kwa pepo za kaskazi na kurudi kwa kusi, likichukua pembe na magamba ya kobe na kuleta nguo, shanga na vyombo vya chuma. Basi rupia iliyofika Usenge katika karne ya ishirini haikuwa mgeni wa ghafula. Ilifuata mkondo uliokwisha kuchimbwa na mababu wa sarafu hiyo kwa muda wa miaka elfu mbili.

Rupia yenyewe, kwa umbo tulilolijua, aliisimamisha Sher Shah wa ukoo wa Suri, Mwafghani aliyemshinda Humayun wa Wamogoli mwaka 1540 akatawala Delhi hata alipokufa mwaka 1545. Utawala wake ulikuwa mfupi, lakini alama yake ilidumu. Kwani aliagiza sarafu ya fedha ya uzito mmoja katika nchi yake yote, karibu gramu 11 na nusu, na Wamogoli waliporudi katika kiti chao hawakuibatilisha, bali Akbar na waliomfuata waliitukuza na kuifanya nguzo ya hazina yao. Kampuni ya Kiingereza ya Mashariki ya Hindi, ilipopata nguvu, iliiga sarafu hizo hizo kwa majina ya wafalme wa Delhi, mpaka mwaka 1835 ilipotoa rupia moja ya nchi nzima yenye kichwa cha mfalme wa Uingereza, uzito wake gramu 11 na sehemu 66 za mia, na katika kila sehemu zake 12, sehemu 11 zilikuwa fedha safi. Rupia hiyo iligawanywa kwa ana 16 na pesa 64, nayo ndiyo iliyopanda majahazi kuja kwetu.

Katika pwani ilikuta riale ya Maria Theresa, ile yenye tarehe ya 1780 ambayo haikubadilishwa miaka yote, nayo imeshika biashara ya Unguja tangu zama za Sayyid Said. Sayyid Barghash naye alipiga riale na pesa zake mwenyewe mnamo mwaka 1882, na kampuni ya Kiingereza iliyopewa Mombasa ikapiga rupia na pesa zake mwaka 1888, zenye alama ya mizani. Lakini kwa kuwa biashara kubwa ilikuwa mikononi mwa Mabaniani, Makhoja na Mabohora, na hesabu zao zikiandikwa kwa rupia na hundi zao zikilipwa Bombay, riale ilirudi nyuma pole pole na rupia ikakaa mahali pake. Kwa hiyo hata Serikali ya Kiingereza ilipotwaa Himaya ya Afrika ya Mashariki mwaka 1895, haikuona haja ya kuleta shilingi ya London. Ilipokea fedha iliyoikuta, na baadaye mwaka 1905 ikathubutisha kwa sheria ya kuwa rupia 15 ni sawa na pauni moja.

Wakati huo Yimbo na nchi jirani zake zilikuwa na biashara yao iliyo kamili, isiyohitaji sarafu. Mvuvi wa Usenge alipeleka ngege na kamongo waliokaushwa kwa wenye mtama na wimbi wa bara. Mfinyanzi alibadilisha vyungu kwa nafaka. Na kitu kilichokaribia kuwa fedha kilikuwa jembe la chuma la wahunzi wa Samia, ambalo watu walilikubali kwa ng'ombe, kwa chakula, na hata katika mahari. Jembe hilo lilikuwa na sifa ambayo sarafu haina: aliyekosa mtu wa kumuuzia aliweza kulimia. Misafara ya Waswahili iliyokuja kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wanga, ilizidisha shanga na waya wa shaba, na upande wa Buganda walihesabu kwa kauri, hata Serikali ya huko ilipoanza kuzikataa kauri mwanzoni mwa karne, kiasi cha kauri 800 zikihesabiwa kwa rupia moja. Watu wa ziwa basi hawakuwa wajinga wa biashara waliongojea kufundishwa kubadilishana. Walichokosa ni kitu kimoja tu, nacho ni sarafu ambayo Serikali itakubali kuipokea.

Reli ya Uganda ilifika ukingo wa ziwa tarehe 20 Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence na ambapo wenyeji walikuwa wakipajua kwa jina la Kisumu. Ilijengwa na Wahindi wapatao 32,000 walioletwa kwa mkataba, ambao mishahara yao ilihesabiwa kwa rupia. Na kila kambi ya reli ilipohama kwenda mbele iliacha nyuma yake duka, na kila duka liliacha rupia. Mwaka uliofuata jimbo hili la ziwa lilitolewa katika Uganda likaunganishwa na Himaya ya Afrika ya Mashariki, na meli za Serikali, kama William Mackinnon iliyotangulia, kisha Winifred, Sybil na Clement Hill, zikaanza kuzunguka ziwa zikishusha nguo, chumvi na mafuta ya taa, na kupakia ngozi, simsim na pamba. Miongoni mwa wafanyabiashara walioitumia njia hiyo hakuna aliyekuwa na jina kubwa kama Allidina Visram, Khoja wa Kutch aliyekuja Unguja angali mtoto, akakulia katika biashara ya misafara ya Bagamoyo, akafungua maduka hata Kisumu na Kampala, akawa na vyombo vyake mwenyewe majini, na hata alipofariki mwaka 1916 watu wengi wa bara walikuwa wameiona rupia kwa mara ya kwanza juu ya meza ya duka lake au la wakala wake.

Lakini ingekuwa ni kupotosha historia kusema kwamba watu wa Yimbo waliipenda rupia kwa sababu ya nguo za dukani. Kilichowalazimisha kuitafuta ni kodi. Sheria ya kodi ya nyumba ilipigwa mwaka 1901, na haikupita miaka mingi kiasi chake kikafika rupia 3 kwa kila nyumba. Na hapo mwanzo wakusanyaji walikubali mbuzi, majembe, nafaka au kazi ya mikono, kisha wakaanza kutaka fedha taslimu. Sasa mtu azingatie desturi ya boma la Kijaluo: mke mkubwa, mikayi, ana nyumba yake, wa pili, nyachira, ana yake, wa tatu, reru, kadhalika. Kwa mwenye wake watatu kodi ilikuwa rupia 9, ilhali kijana aliyekwenda kufanya kazi ya shamba au ya reli aghalabu hakupata zaidi ya rupia 4 au 5 kwa mwezi. Na mwaka 1910 sheria ikaongeza kodi ya kichwa kwa wanaume wazima wasio na nyumba, ili na vijana nao wasisalimike. Hapo ndipo heshima ya familia, iliyokuwa ikionekana katika wingi wa nyumba za boma, ikageuzwa kuwa hesabu ya deni; na ndipo vijana wa ziwa walipoanza kupanda gari la moshi kwenda Nakuru, Nairobi na Mombasa, na wengi wao hawakwenda kwa kutaka makuu, walikwenda kuitafuta sarafu yenye kichwa cha mfalme wasiyemjua, wairudishe kwa karani wa mfalme yule yule.

Haki yataka tuseme pia ya kuwa watu hao hawakubaki wakiitazama fedha kama watazamavyo pingu. Kwa muda mfupi waliitia katika maisha yao na kuifanyisha kazi wanayoitaka wao. Nyavu za kitani zilizoletwa katika ghuba ya Kisumu mwaka 1905 zilizidisha samaki, na samaki waliweza kufika mbali kwa reli. Mwanamke aliyekuwa akibadilisha samaki kwa unga akaanza kuuza na kununua. Na John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa Jimbo la Nyanza tangu 1907, alipogawa mbegu za simsim na pamba, wakulima waliziotesha, wakazipeleka kwa wenye maduka na kupata kodi pasipo kuwatuma watoto wao mashambani kwa walowezi. Palipokuwa na njia ya kuipata rupia nyumbani, watu waliifuata kwa bidii.

Katika mambo ya soko dogo, rupia nzima ilikuwa kubwa mno. Nani angeivunja kwa fungu la samaki wadogo wa fulu? Kwa hiyo Serikali iliigawa rupia kwa senti 100 badala ya ana na pesa, na tangu miaka ya 1906 na 1907 zikatoka sarafu zenye jina la Afrika ya Mashariki na Uganda: za senti 50 na 25 za fedha zenye sura ya simba, ya senti 10 ya nikeli yenye tundu katikati na pembe za ndovu kuzunguka tundu hilo, na senti moja ya alumini, ambayo haikudumu kwa kuwa madini yake hayakustahimili hali ya nchi, ikafuatwa na ya nikeli. Tundu lilikuwa jambo la hekima, kwani watu wasiokuwa na mifuko katika mavazi yao waliweza kuzitunga senti katika uzi na kuzifunga kiunoni au shingoni. Wajaluo waliipa ile ya senti 10 jina la otonglo, na jina hilo limeishi kuliko sarafu zenyewe. Na kwa senti hizi, kuliko kwa rupia, soko la ukingo wa ziwa lilipata kuwa soko la fedha.

Ikaja vita ya 1914. Nyanza ilitoa wapagazi wengi sana wa kikosi ambacho jina lake limebaki katika vitongoji vya Kariakoo vya miji yetu, na ujira wao ulikuwa rupia 5 au 6 kwa mwezi, chini ya ujira ambao wapagazi walilipwa vita ilipoanza. Wengi hawakurudi, waliuawa na kuhara, homa na njaa katika nyika za kusini kuliko walivyouawa na risasi, na fedha nyingi za marehemu hazikuwafikia wajane wao. Waliorudi walirudi na rupia chache zilizofungwa vitambaani, wakiamini ya kuwa kitu kimoja angalau katika dunia iliyotikisika kilikuwa imara, yaani thamani ya sarafu waliyoichuma.

Imani hiyo ndiyo iliyovunjwa. Bei ya madini ya fedha duniani ilipanda baada ya vita, na rupia, iliyokuwa imekaa katika shilingi moja na peni 4 za Kiingereza kwa zaidi ya miaka 20, ikapanda mwaka 1919 hata ikapita shilingi 2 mwanzoni mwa 1920. Mlowezi aliyekopa benki rupia 15,000, akijua ya kuwa deni lake ni pauni 1,000, aliamka akaambiwa kwamba kwa kiasi kipya cha rupia 10 kwa pauni deni lake limekuwa pauni 1,500. Na walowezi, kwa kuwa walikuwa na sauti barazani, walipiga kelele ikasikika London. Bodi ya Fedha ya Afrika ya Mashariki ilikwisha kuundwa Desemba 1919. Ikatoa florini mwaka 1920, yenye thamani ya shilingi 2, kisha kabla watu hawajaizoea ikaiondoa, ikaleta mwaka 1921 shilingi iliyo nusu ya florini, yenye sura ya simba na milima nyuma yake. Kwa muda wa miaka miwili watu wa nchi hii walipitishwa katika fedha tatu. Na yule mwenye kupima kwa mizani angaliona jambo jingine: rupia ilikuwa na sehemu 11 za fedha safi katika sehemu 12, florini ilikuwa na nusu, na shilingi ilikuwa na robo tu.

Rupia ya Hindi ilipokwisha kushuka tena huko kwao, Serikali ikahofu isije ikamiminwa Mombasa ili kubadilishwa kwa faida, na mwezi wa Februari 1921 ikatangaza kwa ghafula ya kuwa si fedha halali tena. Tangazo la namna hiyo humfikia mwenye benki siku ile ile. Lakini kwa mtu wa Yimbo, aliyeweka rupia zake katika chungu chini ya ghala akingojea kumwolea mwanawe, lilifika likiwa limechelewa au likiwa limepotoshwa njiani. Zaidi ya hayo palitokea shauri, lililopendwa na walowezi, kwamba senti zilizokuwa mikononi mwa watu zihesabiwe kuwa senti za shilingi, ambayo ni nusu ya rupia ya shilingi 2. Kwa maneno mengine, akiba ya maskini ikatwe nusu kwa mpigo wa kalamu. Shauri hilo lilipingwa na watu wenye insafu hata ndani ya Serikali, na William McGregor Ross, aliyekuwa mkuu wa idara ya kazi za ujenzi, alilishutumu waziwazi katika kitabu chake Kenya from Within cha mwaka 1927. Kupingwa kwake hakufuti ukweli kwamba liliwezekana kufikiriwa.

Mwaka ule ule bei za mazao zilianguka, na walowezi wakaafikiana kupunguza mishahara kwa thuluthi moja, ilhali kodi ilikuwa imekwisha kupandishwa hata shilingi 16. Hapo mtu wa ziwa alikabwa pande zote: sarafu yake imekataliwa, ujira wake umepunguzwa, na anachodaiwa kimezidi. Basi isishangaze ya kuwa tarehe 23 Desemba 1921 maelfu ya watu walikusanyika Lundha katika nchi ya Gem, wakiongozwa na waalimu na wasomi kama Jonathan Okwiri, Benjamin Owuor na Simeon Nyende, wakaunda chama cha vijana wa Kavirondo, yaani Nyanza ya wakati ule, ambacho wananchi walikiita Piny Owacho, maana yake nchi imenena. Walitaka kodi ipunguzwe, kipande cha utambulisho kiondolewe, kambi za kazi ya lazima zifungwe, shule ziongezwe, na nchi irudi kuwa himaya badala ya koloni, kama ilivyofanywa mwaka 1920. Gavana Northey alikuja mwenyewe Nyahera mwezi wa Julai 1922 kuwasikiliza. Kambi zikafungwa, na kodi ikashuka hadi shilingi 12. Wengine wamelieleza tukio hili kwa habari za ardhi na kipande peke yake, nami sibishani nao. Lakini nasema ya kuwa mkutano ule hauwezi kufahamika barabara na mtu asiyejua habari ya rupia, kwani watu wale walikuwa wametoka kufundishwa, katika mwaka mmoja, kuwa dola iliyowalazimisha kuipokea fedha yake ilijiona huru kuikataa fedha ile ile ilipokuwa mkononi mwao.

Hapa ndipo ilipo tofauti kati ya sarafu zile za kale na ile iliyotufikia. Dinari ya Mkushani ilivuka bahari kwa dhahabu yake. Hakuna mfalme wa Hindi aliyemlazimisha Mhabeshi kuipokea, na ufalme wake ulipoanguka dhahabu ilibaki dhahabu. Rupia ilifika Usenge kwa nguvu ya kodi, na thamani yake ilitegemea neno la watu waliokaa Nairobi na London, ambao hawakuwa na desturi ya kumwuliza mvuvi. Tangu mwaka 1966, Benki Kuu ya Kenya ilipoanza kutoa fedha ya taifa huru, neno hilo limekuwa letu wenyewe. Na hivi leo, samaki wa Usenge wanapolipiwa kwa simu kabla mashua haijapakuliwa, fedha imekwisha kuvua hata mwili wa madini, imebaki ahadi tupu. Ahadi tupu yahitaji uaminifu mwingi kuliko rupia ya gramu 11 ilivyohitaji. Kwa hiyo ni wajibu wa waalimu wa Siaya na Kisumu kuwakusanyia wanafunzi wao masimulizi ya kodi na ya senti za tundu kutoka kwa familia zilizoyahifadhi, na rupia zilizosalia vyunguni zipelekwe katika makumbusho ya Kisumu, zionekane na wote; na ni wajibu wa kila mwenye kushika hazina ya umma, kabla ya kubadilisha fedha, kodi au ada yoyote, kuhesabu kwanza hasara ya yule atakayepata habari mwisho.